Mashina Kumi na Mawili

Jani bado liko mezani.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji: jani moja la muhogo ndani ya mfuko wa nailoni, Mkuu wa kituo cha utafiti upande huu wa meza, Mpimaji wa maabara upande ule, na maneno manne ya Mkuu yaliyomkausha mate mwanamke huyo.

"Namjua aliyeiba mbegu zetu."

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, mambo ni mafupi. Kituo kile kinakuza muhogo uliobadilishwa vinasaba usiugue michirizi, ule ugonjwa unaokausha majani juu na mihogo ardhini kama magome. Muhogo huo hauruhusiwi kuvuka uzio mpaka upimwe miaka mingine mitano. Lakini miezi kumi na moja iliyopita Mpimaji alipitisha mashina kumi na mawili getini, ameyafunga kwenye kanga, akampelekea dada yake ambaye shamba lake lilikuwa limekufa misimu miwili mfululizo. Juzi bwana shamba mmoja alipita kijijini kwa dada, akaona kila shamba limekauka isipokuwa moja. Akachuma jani. Hakuuliza shamba ni la nani. Akalileta kituoni, na aliyepewa kazi ya kulipima ni Mpimaji mwenyewe.

Basi akafumbua mdomo akiri. Mkuu akamuwahi.

"Ni mlinzi wa geti," akasema. "Kwao ni huko huko lilikochumwa jani. Nimemwachisha kazi leo saa mbili. Aliapa mpaka sauti ikamkauka, lakini nani mwingine?"

Mlinzi. Mzee aliyekuwa akimwita "mwanangu" kila asubuhi, ambaye siku ile ya kanga hata hakumpekua kwa sababu alimwamini.

Hapo Mpimaji angesema. Hakusema. Tusimpambe: alinyamaza, akatazama vidole vyake.

"Ila si wizi unaoninyima usingizi," Mkuu akaendelea. "Nimelinganisha majibu yako na kumbukumbu zangu za vitalu. Jani hili ni la kitalu cha saba."

Mpimaji nusura acheke. Yeye alikata kitalu cha nne. Alikikumbuka kibao chake, rangi nyekundu, namba nne imeandikwa kwa mkono wa haraka. Mihogo ya kitalu cha nne aliipima mwenyewe mara tatu. Haikuwa na kasoro, sumu yake ilikuwa ndogo hata kuliko ya muhogo wa kawaida. Kila muhogo una sumu kidogo, na ukiumenya na kuupika vizuri haikudhuru. Lakini wa kitalu cha saba ulikataliwa tangu mwaka jana. Ugonjwa haukuugusa, mihogo yake ilinenepa kama paja la mtu mzima, na sumu yake ilikuwa mara kumi.

Kumbe mwizi ni mwingine, akajisemea. Si mimi.

Raha hiyo haikumaliza hata dakika.

"Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu," Mkuu akasema, akasogeza kiti karibu. "Unakumbuka dhoruba ya mvua za kwanza? Iling'oa vibao. Vibarua wakavirudisha kwa kubahatisha. Nne ikawa saba, saba ikawa nne. Zilipita wiki tatu kabla sijagundua. Nikavirekebisha mwenyewe, kimya kimya. Wafadhili wakisikia tunachanganya vibao tumekwisha."

"Wiki tatu za mwezi gani?" Mpimaji akauliza, ingawa alishajua.

Mkuu akautaja mwezi.

Ulikuwa mwezi wa kanga.

"Kesho nakwenda huko na kibali, tuung'oe," Mkuu akasema. "Kwa umri ule, naomba Mungu hawajaanza kuvuna. Mbona umepauka hivyo?"

"Tumbo, Mkuu. Naomba nitoke kidogo."

Alitoka. Akapita chooni bila kuingia, akapita maabara, akachota kwenye droo vichupa viwili, kikwaruzo kidogo na boksi la karatasi za njano za kupimia sumu. Pale getini palikuwa na kiti kitupu na redio ndogo ya mlinzi, imesahauliwa, inaongea peke yake.

Jumapili dada yake alikuwa amempigia kwa furaha: "Mdogo wangu, Jumatano tunaonja."

Leo ni Alhamisi.

Simu ya dada haikupatikana. Akampigia mume wa dada, seremala, ambaye kijiji kizima kinamwita Fundi.

"Shemeji, sherehe imekupita," Fundi akaitikia, msumeno ukinguruma nyuma yake. "Jana watu wamekula mpaka wakakwangua sufuria. Pacha ndio usiseme. Sahani mbili mbili. Mpaka saa hizi wamelala, hawajitambui."

"Wamelala? Saa nne hii?"

"Waache wapumzike, wameshiba watoto."

"Shemeji, nenda kawaamshe."

"Kuna nini?"

"Nenda kawaamshe, nakuomba. Wakikataa kuamka wapeleke zahanati, usinisubiri, na mtu yeyote asiguse..."

Simu ya Fundi ikazima. Chaji.

Sitakuchosha kwa safari. Ilikuwa saa moja na dakika kumi nyuma ya pikipiki, vumbi mdomoni, na picha moja tu kichwani: watoto wawili wa miaka sita kwenye mkeka mmoja.

Na ndivyo alivyowakuta. Kwenye mkeka mmoja, sebuleni, wamelala chali, midomo wazi. Fundi hakuwapo. Mpimaji akapiga magoti, akamshika wa kwanza mabega, akamtikisa. Kichwa kikaning'inia. Akamtikisa tena kwa nguvu zaidi.

Jicho moja likafunguka.

"Mama mdogo," mtoto akasema, sauti ya usingizi. "Umetuletea nini?"

Mpimaji akakaa chini na kulia. Mapacha wakaketi, wakamtazama mtu mzima akilia, wakatazamana.

"Unawalilia nini wanangu kama wamekufa?" Dada yake aliingia akifuta mikono kwenye gauni. Huyu ndiye Mama Pacha: mrefu, mwembamba wa kupungua, macho yake leo yana nuru ambayo hayakuwa nayo mwaka mzima. "Fundi kaja mbio hapa ananiambia niwaamshe, eti umesema. Nikamwambia jana wamelala saa sita na wageni, waache. Kuna nini?"

"Mko wazima? Wote mliokula?"

"Nyumba thelathini zimepita hapa jana kuonja. Wazima. Leo wanakuja kuchukua pingili wakapande kwao. Mdogo wangu, hujui ulichotufanyia. Watu walishaanza kula pumba."

Matumaini ni kitu cha ajabu, msomaji. Hayahitaji kusukumwa mara mbili. Kama watu wote wale walikula wakaamka wazima, basi Mkuu kakosea, vibao havikubadilishana siku ile, mashina ni ya kitalu cha nne, na kosa la Mpimaji ni wizi tu. Wizi angeulipia kwa moyo mweupe.

Lakini alikuwa mpimaji. Mkono umezoea.

"Nipe muhogo mmoja," akasema.

Mama Pacha akatoka, akarudi nao ukiwa na udongo mbichi. Mnene, mweupe ndani kama maziwa, hauna hata doa. Mpimaji akakwaruza kijiko kimoja, akatia ndani ya kichupa na matone ya maji, akaning'iniza karatasi ya njano ndani, akafunga kifuniko. Akakiweka juani, juu ya bati la banda la kuku. Kazi hiyo kwa kawaida huachwa mpaka kesho yake. Lakini penye joto, na sumu ikiwa nyingi, karatasi haisubiri kesho.

Ikibaki njano, ni salama. Ikigeuka kahawia, sio.

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kufika na vikapu. Wa kwanza alikuwa fundi nguo wa mtaa ule, ambaye wamembatiza Cherehani, si kwa kazi yake bali kwa mdomo wake.

"Huyu ndiye mdogo mtu mwenye muhogo wa dawa?" akauliza. "Mama, ubarikiwe. Mwaka jana nilikuwa nakata muhogo mmoja natoa kidonda, nakata mwingine natoa kidonda, mwisho wa siku nina ndoo ya vidonda na sufuria tupu. Wanangu wanne. Nipe hata pingili tano, nitalala nazo kitandani."

Wakacheka. Mpimaji naye akajaribu kucheka. Akageuza macho kwenye bati.

Nusu saa haikuwa imetimia.

Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya tofali.

Akamshika dada yake mkono, akamvuta hadi nyuma ya jiko.

"Dada, jana mlikula muhogo huu?"

"Si nimekwambia?"

"Sikiliza vizuri. Huu huu, uliotoka kwenye mashina yangu?"

Mama Pacha akakunja uso. Akatazama pembeni. Alipoongea sauti ilikuwa imeshuka.

"Usimwambie mtu."

"Niambie."

"Niliwaita watu waje waonje. Nikaenda shambani na jembe. Nikausimamia ule muhogo, mdogo wangu, mkono ukakataa. Yale mashina kumi na mawili niliyakata pingili, yakatoa sabini tu. Nikaona nikianza kung'oa wataula wote siku moja, na sisi tubaki vilevile. Nikaenda kwenye shamba la zamani nyuma ya choo, nikachimba ile iliyokuwa na nafuu, nikakata vidonda, nikachemsha. Hakuna aliyejua. Hata Fundi hajui. Walisifia wenyewe."

"Kwa hiyo mashina yangu hayajaliwa na mtu."

"Bado. Huo niliokupa ndio wa kwanza kung'olewa. Ndio nini? Mbona unanitisha?"

Mpimaji akamwambia. Vibao, dhoruba, kitalu cha saba. Hakuficha neno. Dada yake alisikiliza akiwa ameshika ukuta wa jiko.

"Ukichemsha na kula, hiyo inaua?"

"Mtoto, ndiyo. Mtu mzima akila akashiba, inaweza."

"Na ulisema umeupima."

"Niliupima wa kitalu cha nne, dada. Niliamini kibao."

Mama Pacha hakumpiga wala hakumtukana. Alikaa chini palepale kwenye majivu.

"Watu huloweka," akasema baadaye. "Kuna muhogo mchungu, watu huuloweka, wakaanika, wakatwanga. Hauui."

"Huo wana uzoefu nao miaka mingi. Huu hakuna aliyewahi kuulowesha na kuupima. Labda siku nne za maji zinatosha. Labda hazitoshi. Sijui, dada. Ndiyo maana ya ule uzio. Kile kitalu cha nne kingewaokoa kweli, na mimi nikawaletea saba."

"Mnakaa na cha kutuokoa ndani ya uzio, mnatupimia miaka, sisi tunazika," Mama Pacha akasema polepole, bila hasira, kama anayesoma barua. "Nikakushukuru wewe kwa kukiuka. Sasa nikulaumu kwa kukiuka. Nishike lipi?"

Mpimaji akatoa simu. Akampigia Mkuu.

"Mlinzi hana kosa," akasema kabla ya salamu. "Ni mimi. Niko kwa dada yangu, shamba ni lake."

Mtaalamu ndani ya yule mtu akamshinda bosi.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Rangi gani?"

"Tofali. Kwa nusu saa."

Akamsikia Mkuu akivuta pumzi. "Mtu asichemshe hata kipande. Napita hospitali ya wilaya nichukue daktari na dawa. Nipe saa mbili. Ung'oe wote, urundike, ukae juu yake mpaka nifike. Halafu," akasita, "yale ya vibao. Umemwambia mtu?"

"Nimemwambia dada yangu."

"Basi yaishie hapo."

"Hayataishia hapo, Mkuu," Mpimaji akasema, akakata simu. Miaka sita alikuwa hajawahi kumkatia simu.

Akarudi uani. Wanawake walikuwa wamefika ishirini na zaidi, wamekaa na vikapu mapajani, wanangoja pingili. Akasimama mbele yao, akasema wazi: muhogo ule una sumu kali, ni kosa lake, hakuna atakayepewa, na wote utang'olewa leo.

Wanawake wakatazamana.

"Jana nimekula vipande vitano," Cherehani akasema hatimaye. "Watoto wangu pia. Mbona tuko hapa?"

"Mliokula jana haukuwa huu."

"Ulikuwa upi?"

Mpimaji akamgeukia dada yake. Kila jicho pale likamgeukia Mama Pacha. Na mwanamke aliyekuwa akiheshimiwa toka jana kwa ukarimu wake akalazimika kusema mbele ya majirani kwamba aliwapikia mabaki ya nyuma ya choo.

Akasema. Alisema yote, akitazama chini.

Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mmoja mzee akainuka, akakung'uta kanga.

"Mama Pacha," akasema kwa upole, "kama umebadili mawazo, si useme tu. Tumekuona na shida zako, hatungekulaumu. Lakini usitutungie sumu. Wajukuu zangu walikula hapa kwa mkono wako."

"Nawaapia kwa wanangu."

"Usiape kwa watoto."

Wakaondoka mmoja mmoja, bila fujo, vikapu vitupu kichwani. Cherehani alikuwa wa mwisho. Alisimama kidogo kwenye kona ya banda la kuku, akaangalia upande wa shambani, akaangalia mlango wa nyumba, akaenda zake.

Mpimaji alikiona kile kitendo. Hakukielewa.

Fundi aliporudi kutoka kazini, Mama Pacha akamtuma kuazima majembe na panga bila kumweleza sababu, nao wakamsubiri. Fundi akachelewa, kila nyumba aliyobisha hodi hakukuta mtu. Alirudi baada ya dakika arobaini na jembe moja bovu, akishangaa watu wamekwenda wapi. Wakazunguka nyumba, watatu, kuelekea shambani.

Shamba lilikuwa tupu.

Si nusu. Si robo. Mashina sabini yamekwenda, na mihogo yake, na pingili zake. Kulikuwa na mashimo sabini na nyayo zikitawanyika kila upande. Jani moja moja lilikuwa limedondoka njiani, majani yale mazuri yasiyo na doa.

"Walituzunguka," Fundi akasema. Bado alikuwa hajui lolote. "Mama Pacha, mbona wametuibia? Si wangeomba?"

Mama Pacha alikuwa anatazama juu ya mapaa. Ilikuwa saa saba kasoro. Moshi mmoja ulikuwa umepanda nyuma ya nyumba ya kwanza. Kisha mwingine. Kisha mitatu kwa mpigo. Kijiji ambacho hakijapika mchana kwa miezi kilikuwa kinawasha majiko.

"Ninyi kushoto, mimi kulia," Mpimaji akasema, na alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Cherehani. Hakubisha hodi. Sufuria ilikuwa mekoni, inatokota, watoto wanne wamekaa kwa mstari na sahani zao, mdogo kuliko wote ameshika kijiko kwa mikono miwili. Mpimaji akaipiga teke sufuria. Vipande vyeupe vikamwagika kwenye majivu, maji ya moto yakarukia mguu wake mwenyewe, hakuyasikia.

Mtoto mdogo akaanza kulia. Kisha akateremka, akaokota kipande kwenye majivu, akakipuliza. Mpimaji akamnyang'anya mdomoni.

Hapo Cherehani akatoka ndani. Aliona sufuria. Aliona mwanamke mgeni amemshika mwanawe taya. Alimkamata Mpimaji mkono kwa vidole vilivyozoea mkasi, akavuta pumzi, akaita jirani, na jirani akaita jirani.

Walikuja na walichokuwa nacho mkononi: mwiko, mchi, ubao wa uzio. Wakaziba mlango.

"Amemwaga chakula cha watoto," Cherehani akasema. "Kwa mguu."

"Niacheni nipite," Mpimaji akawaambia. "Nitarudi, nitakaa hapahapa, mnifanye mtakavyo. Niacheni kwanza nifike kwenye majiko mengine."

"Hutoki hapa mpaka tujue unatutakia nini," akajibiwa.

Juu ya mabega yao aliweza kuuona mtaa mzima mpaka mwisho. Akahesabu moshi: kumi na moja. Upande wa kushoto aliisikia sauti ya dada yake ikiomba kwenye mlango fulani, ikiomba tena, ikinyamazishwa. Mkuu na daktari walikuwa bado mwendo wa saa nzima. Akajaribu kujinasua, wakamkaza.

Akahesabu upya, na safari hii ilikuwa kumi.

Kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa moshi ulikuwa umekatika. Mtu ameondoa kuni. Chakula kimeiva.